White Dwarf la zamani: jinsi ya kulitambua, kulikagua, kulihifadhi na kulichezesha tena

Jarida la White Dwarf linalouzwa leo ni la vinyago vya vita: picha za askari waliopakwa rangi, kanuni za Warhammer, na bidhaa za kampuni moja tu, Games Workshop. Anayetafuta jarida la michezo ya kuigiza mezani, ile ya dadu, karatasi na msimamizi anayesimulia, hana budi kurudi kwenye matoleo 100 ya mwanzo, yaliyotoka kati ya Juni 1977 na Aprili 1988. Humo ndimo Waingereza wengi walimojifunzia Dungeons & Dragons, Traveller, RuneQuest na baadaye Call of Cthulhu. Humo pia wasomaji wa kawaida walituma mazimwi waliyoyabuni wenyewe, na baadhi yake bado yapo kazini. Githyanki, wapiganaji wa ngozi ya njano anaowajua kila aliyecheza mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, walitumwa na Charles Stross, ambaye leo ni mwandishi mashuhuri wa riwaya za kisayansi. Walichapishwa kwenye toleo la 12.

Mwongozo huu unachukulia kwamba unataka kulitumia jarida, hata kama utalipanga rafuni pia. Nakala yenye jalada lililochanika na ramani kamili ina thamani kuliko ile yenye jalada linalong'aa na ramani iliyokatwa. Kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Kujua unachokitafuta

Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake. Kabla ya White Dwarf walikuwa na kijarida kiitwacho Owl and Weasel, kilichofikisha matoleo 25. White Dwarf likachukua nafasi yake, Livingstone akiwa mhariri. Mpaka toleo la 31 lilitoka kila baada ya miezi miwili. Kuanzia la 32, Agosti 1982, likawa la kila mwezi.

Kwa kujua hivyo unaweza kupata tarehe ya toleo lolote hata kama muuzaji amepiga picha mbovu. Kwa toleo la 1 hadi 31, toa 1 kwenye namba, zidisha kwa 2, kisha hesabu miezi hiyo kuanzia Juni 1977. Toleo la 9: 8 mara 2 ni miezi 16, kwa hiyo ni Oktoba na Novemba 1978. Kwa toleo la 32 kwenda juu, toa 32 na uhesabu miezi iliyobaki kuanzia Agosti 1982. Toleo la 45: miezi 13, yaani Septemba 1983. Tarehe uliyoipata ikipishana na ile ya kwenye jalada, kuna jambo la kuuliza.

Mtego mkubwa uko hapa. Mwaka 2014 jarida liligeuzwa kuwa la kila wiki, na namba zikaanza tena kutoka 1. Mtu anayeuza "White Dwarf namba 5" anaweza kuwa na la mwaka 1978 au la 2014, na huenda hajui tofauti. Usiulize namba peke yake. Uliza mwaka, au omba picha ya ukurasa wa yaliyomo. Ukiona majina ya safu kama Fiend Factory, Treasure Chest, Open Box au Starbase, umefika penyewe.

Ndani ya matoleo hayo 100 ubora haulingani. Ya 1 hadi 15 hivi ni ya majaribio: makala fupi, kanuni za nyumbani, mabishano mengi. Kuanzia hapo hadi kama la 75 ndio wakati wake wa dhahabu, visa (hadithi za kuchezesha mezani) vikiwa kamili na ramani zikiwa safi. Mwaka 1986 uhariri ulihamishiwa Nottingham, na wahariri wa London hawakuondoka kimyakimya: kwenye ukurasa wa yaliyomo wa toleo la 77, herufi za kwanza za mistari, ukizisoma kwenda chini, zinaunda tusi la kumfukuza bosi mpya. Baada ya hapo Warhammer inazidi kujaza kurasa, na michezo ya kampuni nyingine inatoweka kidogokidogo. Kama pesa zinatosha matoleo kumi tu, chukua kumi yanayofuatana kati ya la 30 na la 60.

Nasisitiza yanayofuatana. Mji wa kubuni wa Irilian, kazi ya Daniel Collerton, umegawanywa katika matoleo sita, la 42 hadi la 47. Ukiwa na matano huna mji, una mitaa.

Kukagua nakala kabla ya kulipa

Jarida la namna hii ni karatasi kubwa zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini za stepla kwenye mkunjo. Kila karatasi moja hubeba kurasa nne. Kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, na kila ukurasa una mwenzake upande wa pili wa mkunjo.

Fungua katikati kabisa, penye pini, na ujumlishe namba za kurasa mbili zinazotazamana. Tuseme ni 16 na 17. Jumla ni 33. Basi kila ukurasa na mwenzake lazima wafike 33: ukurasa wa 5 umeshikana na wa 28, wa 10 umeshikana na wa 23. Mtu akikata ukurasa wa 28 ili abandike ramani ukutani, wa 5 unabaki bila mshikizo na hutoka ukiuvuta taratibu. Hivyo, ukikuta ukurasa unaocheza, tafuta mwenzake kabla ya kitu kingine. Na karatasi nzima ikitoka, kurasa nne zinatoweka kwa mpigo bila alama yoyote ya kuchanika, jambo ambalo muuzaji mwaminifu kabisa anaweza asiligundue.

Kama unanunua kwa mbali, omba picha hizi: jalada la mbele na la nyuma, ukurasa wa yaliyomo, mkunjo wa katikati ukionyesha pini, na kila ukurasa wenye ramani. Angalia pia kuponi za usajili na fomu za matangazo madogo. Wasomaji wa wakati ule walizikata kwa mkasi bila huruma, na nyuma ya kuponi mara nyingi kuna nusu safu ya kisa. Shimo dogo la kuponi linaweza kuwa limeondoka na maelezo ya chumba cha mwisho.

Maandishi ya penseli pembeni yasikutishe. Mwenye jarida aliyesahihisha pointi za uhai za zimwi huenda alishalichezesha, na mara nyingi yuko sahihi kuliko matbaa.

Kusafisha na kuhifadhi

Adui wa kwanza ni pini. Chuma hushika kutu, kutu hula karatasi, na karatasi ya katikati hutoka ikiwa na mashimo manne ya rangi ya kahawia. Usitumie kile kifaa cha meno cha kung'olea stepla, kitapasua mkunjo. Fungua katikati, ingiza kipande cha karatasi ngumu chini ya mguu wa pini, kisha uunyanyue mguu kwa kisu butu chembamba mpaka usimame wima. Fanya hivyo kwa miguu yote minne, geuza jarida, na uvute pini kutoka mgongoni. Shona upya kwa uzi wa pamba au kitani kupitia matundu yaleyale, na fundo likae ndani. Usitoboe matundu mapya: kila tundu la ziada ni mahali pengine pa kuchanikia.

Adui wa pili ni unyevu. Karatasi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50. Ukipita 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza. Anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam yuko juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo rafu ya wazi haifai. Tumia sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika jeli ndani, na kipima unyevu kidogo cha kuachwa humo humo. Pakiti zikishiba, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, baada ya kuhakikisha kwamba mfuko wake unavumilia joto hilo. Usiweke majarida kwenye sanduku siku ya mvua. Utafungia unyevu ndani. Nairobi na Arusha mambo ni mepesi zaidi, ingawa ukuta wa nje wakati wa masika bado ni mahali pabaya pa kuegesha kabati.

Mifuko iwe ya poliesta au polipropilini, na nyuma ya jarida weka kadibodi isiyo na asidi. Plastiki laini ya PVC, ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni, hutoa kemikali zinazolainisha wino, na baada ya miaka jalada hugandamana nayo. Gundi ya utepe nayo ni marufuku. Inageuka njano, inapenya karatasi, na haitoki.

Nakala ikifika ikiwa na harufu ya ukungu, itenge kwanza. Ikaushe kivulini penye upepo, vaa barakoa, kisha uifagie nje ya nyumba kwa brashi laini, ukisukuma vumbi mbali na mkunjo. Ikiwa na dalili za wadudu, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, ondoa hewa, na uiweke kwenye friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, iache imefungwa mpaka ipate joto la chumba, la sivyo umande utashuka juu ya karatasi baridi. Hii ni muhimu zaidi kwa majalada ya karatasi ya kung'aa, kwa sababu yakilowa na kukauka yakiwa yamebanana hayaachani tena.

Kuskani kwa ajili ya meza

Nakala halisi isifike mezani penye chai na kashata. Skani unachohitaji na uchapishe.

Kwa maandishi, dpi 300 zinatosha: ukurasa wa A4 unakuwa pikseli 2480 kwa 3508, na faili lisilobanwa la rangi ni kama megabaiti 26. Kwa ramani tumia dpi 600, kwa sababu utaikuza, na mistari ya milango ya siri ni myembamba. Faili litapanda hadi megabaiti 104 hivi, hivyo usifanye jarida zima kwa kiwango hicho. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Karatasi za wakati ule ni nyepesi, na bila weusi huo maandishi ya upande wa pili yanajitokeza kama kivuli. Picha zilizochapwa kwa nukta zikitoa mawimbi ya ajabu, washa kipengele cha kuondoa nukta kwenye programu ya skana, au skani kwa dpi 600 kisha upunguze.

Ukitumia simu, shida ni ramani: ukiinamisha kamera kidogo tu, miraba inakuwa mipana upande mmoja. Laza ukurasa, simama juu yake wima, tumia mwanga wa dirishani bila flashi, na uhakikishe kwamba pembe nne zimo ndani ya picha ili programu iinyooshe. Yapatie mafaili majina yanayojipanga yenyewe: WD009-24 ni toleo la 9, ukurasa wa 24. Weka sifuri mbele, la sivyo la 100 litakaa kabla ya la 12.

Haki za kazi hizi bado ziko hai, nyingine mikononi mwa kampuni, nyingine mikononi mwa waandishi. Skani za meza yako zibaki za meza yako. Na kabla ya kumtumia hata rafiki picha ya ukurasa wa matangazo madogo, funika anwani: vijana wa 1981 walichapisha majina na nyumba zao ili wapate wa kucheza nao.

Kusoma kwa mpangilio unaolipa

Soma matoleo matatu kwa pamoja, na anza na barua za lile la tatu. Jarida hili lilikuwa mazungumzo. Kanuni iliyopendekezwa toleo moja hukosolewa la pili na kurekebishwa la tatu, na anayesoma toleo moja peke yake huichukua kanuni mbovu akidhani ni hukumu ya mwisho.

Mazimwi ya Fiend Factory yana msaada wa ziada. Don Turnbull, aliyeihariri safu hiyo, alikusanya mengi yake katika kitabu cha Fiend Folio, kilichotoka 1981. Zimwi likiwemo kote kuwili, tumia takwimu za kitabu na maelezo ya jarida. Takwimu zilipitiwa upya, lakini maelezo ya jarida mara nyingi yana uhai zaidi.

Tathmini za Open Box, zenye alama kati ya 10, zisome kwa ajili ya kujua watu walithamini nini. Kumbuka tu kwamba mchapishaji wa jarida ndiye pia aliyekuwa akiagiza na kuuza michezo ya Marekani nchini Uingereza. Ukiona alama 9, angalia nani anaiuza. Safu ya vitabu ya Dave Langford, Critical Mass, iliyoanza toleo la 39, haina tatizo hilo na bado inachekesha.

Kubadili kisa kwenda kanuni za leo

Njia nyepesi ni kutobadili kabisa. OSRIC, iliyotoka 2006 na inayopatikana bure, ni kanuni za AD&D ya kwanza (Advanced Dungeons & Dragons, mchezo wa enzi hizo) zilizoandikwa upya, na visa vingi vya jarida hili huingia humo bila kuguswa. Lakini kama kundi lako linacheza toleo la tano la Dungeons & Dragons, msingi wake wa SRD 5.1 (hati ya kanuni zake za msingi) uko wazi chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, na kazi ya kubadili ni ya jioni moja ukijua pa kushika.

Anza na maandishi ya dadu. Jarida halisemi "dadu 3 za pande 4", linasema 3-12. Gawa namba kubwa kwa ndogo: 12 kwa 3 ni 4, basi ni dadu 3 za pande 4. 4-24 ni dadu 4 za pande 6. Isipogawanyika, kama 2-7, toa ndogo kwenye kubwa na uongeze 1: unapata 6, basi ni dadu moja ya pande 6, kisha ongeza 1. Kila upatapo jibu la pande 5 au 7, umekosea mahali.

Halafu vipimo. Mwendo huandikwa kwa alama ya inchi: 9" au 12". Ndani ya mahandaki inchi moja ni futi 10, kama mita 3; nje kwenye uwanda inchi hiyo hiyo ni yadi 10, mara tatu zaidi. Msimamizi asiyejua hili hufanya msitu uwe mdogo kuliko ukumbi. Zamu moja ni dakika 10, na raundi ya AD&D ni dakika 1 nzima, wakati raundi ya toleo la tano ni sekunde 6. Kisa kikisema "maji yatajaa chumba kwa raundi 10", kimekusudia dakika 10. Ukikisoma kwa raundi za leo umewapa wachezaji dakika 1.

Deraya ndiyo inayowachanganya wengi. Zamani namba yake (AC) ikiwa ndogo ilikuwa bora: AC 10 ni mtu asiye na kitu, AC 2 ni deraya kamili na ngao. Hesabu inayorudiwa kila mahali ni kutoa namba ya zamani kwenye 20. Kimantiki ni sahihi, lakini linganisha na mazimwi yaliyopo kote kuwili. Orki wa AD&D ana AC 6 na dadu 1 ya uhai (ya pande 8), wastani wa pointi 4.5, kwenye SRD ana 13 na pointi 15. Troli ana AC 4 na dadu 6 kuongeza 6, wastani 33. Kwenye SRD ni 15 na 84. Ogre ana AC 5 na dadu 4 kuongeza 1, wastani 19. Kwenye SRD ana 11 na pointi 59. Kwa hiyo toa kwenye 19, na uwe tayari kushusha zaidi kwa kiumbe kikubwa na kizito. Pointi za uhai zizidishe kwa 3 kwa viumbe wadogo na wa kati, kwa 2.5 kwa wakubwa. Ukibadili deraya peke yake na kuacha pointi za zamani, zimwi la mwisho wa kisa litakufa kabla halijapata zamu, na hilo ndilo kosa linaloharibu vikao vingi.

Mwendo usiubadili kwa hesabu. Orki na ogre wote wana 9" zamani, lakini leo mmoja huenda futi 30 na mwingine 40. Tafuta kwenye SRD kiumbe wa umbo linalofanana na uchukue mwendo wake, na pia madhara ya pigo lake.

Sumu ya zamani huua papo hapo dadu ya kuokoka ikishindwa. Kundi likikubali ukali huo, uache. Lisipokubali, ipe madhara ya sumu ya dadu 3 za pande 6 na hali ya kulewa sumu kwa saa 1. Usiiondoe kabisa, mara nyingi kisa kizima kimejengwa kwenye hofu hiyo.

Hazina nayo ipunguzwe. Zamani sarafu 1 ya dhahabu iliyofikishwa nyumbani ilikuwa pointi 1 ya uzoefu, ndiyo maana vyumba vimejaa dhahabu. Leo pointi hutoka kwingine, na dhahabu hiyo yote itawanunulia wachezaji kila kitu dukani. Gawa kwa 10 na uache vito na vitu vya sanaa vilivyoelezwa kwa jina.

Visa visivyo vya D&D vina kazi ndogo zaidi. Vya Call of Cthulhu: zidisha kila sifa kwa 5 uingie toleo la saba. Vya Traveller hutoa mhusika kwa herufi sita, mfano 7A8965: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi, kwa mpangilio huo, A ikiwa 10 na B ikiwa 11. Matoleo ya leo ya Traveller bado yanasoma hivyo hivyo.

Kupima hatari kwa njia ya Turnbull

Matoleo matatu ya kwanza yana makala ya Turnbull kuhusu Monstermark, kipimo cha ukali wa zimwi. Wazo lake: mpe mpiganaji wa ngazi ya kwanza upanga, hesabu atahitaji raundi ngapi kuliua zimwi, kisha hesabu zimwi litampiga kiasi gani kwa muda huo huo akiwa na deraya kamili. Sumu na uchawi huongezwa baadaye. Leo jedwali za hatari zinakufanyia hivyo, lakini kwa kisa unachokichezesha kwa kanuni za zamani hakuna njia bora ya kujua kama chumba kitaua kundi.

Chukua orki, kwa jedwali za AD&D. Mpiganaji anahitaji 14 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 kumpiga, nafasi ya asilimia 35. Upanga hutoa wastani wa 4.5, hivyo 1.575 kwa raundi. Orki mwenye 4.5 hudumu raundi 2.9. Yeye anahitaji 17 kupenya AC 2, asilimia 20, kwa hiyo hutoa 0.9 kwa raundi. Jumla kama 2.6.

Sasa zimwi la AC 5, dadu 3 za uhai, pigo la 1-8. Mpiganaji anampata kwa asilimia 30, anatoa 1.35 kwa raundi, na pointi 13.5 zinachukua raundi 10. Zimwi linahitaji 14, asilimia 35, linatoa 1.575 kwa raundi. Kwa raundi 10 ni 15.75. Dadu za uhai ni mara tatu ya orki, lakini hatari ni mara sita. Anayepanga "zimwi moja badala ya orki watatu" ameongeza ukali maradufu bila kujua.

Kuandaa kikao

Visa vya enzi hiyo havina maandishi ya kuwasomea wachezaji. Kinachoonekana mlangoni, kilichofichwa chini ya vigae na siri anayoijua msimamizi tu vimo kwenye aya moja. Ukisoma aya kwa sauti umefichua mtego. Chukua nakala iliyochapishwa na kalamu tatu za rangi: moja kwa kinachoonekana mara moja, ya pili kwa kinachopatikana kwa kutafuta, ya tatu kwa siri. Hii inachukua muda kuliko hesabu zote za hapo juu, na ndiyo kazi yenye faida kubwa zaidi.

Kwa mazoezi, The Lichway cha Albie Fiore, toleo la 9, ni chaguo zuri. Ndani ya kaburi hilo yumo kiumbe aitwaye susurrus ambaye sauti yake ya kuvuma huwalaza wafu. Wachezaji wakimuua, wafu wanaamka. Msimamizi anayesoma chumba kimoja kimoja hukutana na jambo hili akiwa ameshachelewa. Soma chote kwanza, kisha uandike juu ya ramani ni wapi mvumo unasikika na unavyozidi wanavyosogea. Wachezaji lazima wausikie mapema, tena zaidi ya mara moja. Wasipousikia, wafu wakiamka wataona wameonewa badala ya kuona walitahadharishwa.

Kikao cha saa nne humaliza vyumba 6 hadi 10. Kisa chenye vyumba 30 kigawe mapema penye ngazi au mlango mzito, ili kikao kiishie mahali panapofungika. Vyumba viwili vyenye mazimwi yanayochukiana vikipakana bila sababu, jambo la kawaida kwenye matoleo ya mwanzo, ondoa zimwi moja au ubuni sababu: ushuru, uoga, mlango uliokwama. Wachezaji wa leo huuliza maswali hayo.

Ukimaliza, andika kwa penseli kwenye kadi: namba ya toleo na kurasa, takwimu ulizobadili, vyumba vilivyochosha, na saa zilizotumika. Iweke nyuma ya kadibodi, upande usiogusa jalada.